Maswali ya "Kwa Mfano": Sanduku, Nyumba na Mbuzi Wawili

Wiki hii tumechagua maswali matatu, na yote matatu yanaanza kwa namna moja: "Kwa mfano..."

Maswali ya "kwa mfano" si mageni kwetu. Tulipokuwa watoto, wazee wetu wamama walituuliza usiku tukiwa tunamenya karanga. Mtu anavuka mto Lualaba, ndani ya mtumbwi yuko na mama yake, mke wake na mtoto wake. Mtumbwi unazama. Ana nguvu za kuokoa mtu mmoja tu. Ataokoa nani? Hadithi za namna hiyo zinasimuliwa sehemu nyingi za Afrika, na mwenye kusimulia hatoi jibu. Anawaacha watu wabishane. Mmoja anasema mama, kwa sababu mke mwingine anaweza kupatikana lakini mama hapatikani tena. Mwingine anasema mtoto, kwa sababu wakubwa wamekwisha kuishi. Mwishowe kila mtu anaenda kulala na jibu lake.

Sisi hatuwezi kufanya hivyo. Mama aliyetuandikia anangoja. Basi tulikaa wamama tisa, tukasoma kila barua mara mbili, tukabishana, na haya ndiyo tuliyopata. Kama kawaida, hatutaji jina, kijiji wala jina la kikundi, na tumebadilisha mambo madogo madogo ili mtu asitambulike.

SWALI LA KWANZA

"Kwa mfano wewe ni mmoja wa wenye kushika ufunguo wa sanduku la akiba la kikundi. Usiku mtoto wako anashikwa na degedege. Kituo cha afya ni mbali, na motari anataka feza mbele. Sanduku liko nyumbani kwako. Mwenye ufunguo wa pili ni mgonjwa, wa tatu amelala shambani. Je, ni dhambi kuvunja kufuli?"

Wasomaji wetu wengi wanajua kazi hii ya akiba. Namna hii ya kuweka feza pamoja ilianza Maradi, katika nchi ya Niger, mwaka 1991, kwa wamama wa vijijini kama sisi. Watu 15 mpaka 25 wanakutana, kila mmoja ananunua sehemu moja mpaka tano, feza inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Kufuli tatu zina maana yake: hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake, hata awe mwema namna gani. Ndiyo maana swali hili ni zito.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wamama saba walisema, "Nitavunja." Wawili walisema hapana. Mmoja wa hao wawili alieleza hivi: "Feza ile ni ya wamama ishirini. Kila mmoja wao ana mtoto. Leo nikivunja juu ya mtoto wangu, kesho mwingine atavunja juu ya deni la dukani, naye ataniambia kwamba mimi ndiye nilimfundisha." Hatukuweza kumjibu mara moja. Mama huyo si mwenye roho ngumu. Amewahi kuwa katika kikundi kilichovunjika kwa sababu ya jambo dogo kama hilo, na wenzake hawasalimiani mpaka leo.

Kisha mzee mmoja kati yetu, aliyekuwa amenyamaza, akauliza: "Aliyevunja, asubuhi alifanya nini?"

Hapo mazungumzo yakageuka. Tulikubaliana sote tisa, hata wale wawili, juu ya jambo hili: maisha ya mtoto yanapita kufuli. Kufuli inauzwa sokoni. Lakini mama anayevunja kufuli usiku awaite majirani wawili waje kuona. Ahesabu feza mbele yao. Achukue ile ya kumfikisha mtoto kwa dawa, si zaidi. Aandike, au aandikishe. Na kukipambazuka, kabla ya mtu yeyote kuuliza, apeleke habari kwa prezidenti wa kikundi. Mwizi naye anavunja kufuli usiku. Wanatofautiana asubuhi.

Hilo ndilo jibu la mfano. Sasa tunataka kusema neno lingine na mama aliyeandika.

Mama, katika barua yako umeandika hesabu ya feza. Hatuitoi hapa. Lakini mtu akitunga mfano anasema elfu hamsini, au laki moja. Wewe umeandika hesabu yenye mia tano mwishoni. Umeandika pia riba ambayo mfanyabiashara anadai kila mwezi, na mfano haukuhitaji riba. Tunafikiri kwamba ulivunja, ukanunua kufuli nyingine, ukakopa mahali pengine ili urudishe feza kabla ya siku ya kuhesabu, na sasa unalipa deni peke yako bila mtu kujua. Tunafurahi kusoma kwamba katika mfano wako mtoto alipona.

Kama tumekosea, utusamehe. Kama tumeona sawa, sikiliza. Hukuwaibia wenzako, maana feza imerudi yote. Lakini unabeba mambo mawili: deni, na siri. Deni lina mwisho. Siri haina mwisho, na kila siku ya mkutano itakusumbua wakati wa kufungua sanduku. Anza na mtu mmoja, yule mwenye ufunguo unayemwamini zaidi. Mweleze yote, tangu usiku ule mpaka kufuli mpya. Kisha mwende pamoja kwa prezidenti. Hatuwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekasirika. Mmoja atasema maneno makali, huenda wawili. Lakini ukijisema mwenyewe unaheshimiwa kuliko kukamatwa, na kikundi kikijua, kinaweza kukukopesha kwa masharti yake ili umalize deni la yule mfanyabiashara.

Na ninyi vikundi vingine vyote, msingoje usiku huo. Katika mkutano ujao ulizeni: mtoto akishikwa usiku, tunafanya nini? Vikundi vingi vina mfuko mdogo wa kusaidiana, mbali na feza ya kukopeshana. Amueni leo ni kiasi gani kinaweza kutoka bila kungoja mkutano, na ni nani wawili wanaoweza kukitoa. Muafikiane pia na motari mmoja wa karibu: abebe mgonjwa kwanza, kikundi kitamlipa asubuhi. Maneno hayo yakiandikwa ndani ya kitabu, hakuna mama atakayetafuta nyundo.

SWALI LA PILI

"Kwa mfano bwana yako amekufa na kuacha nyumba, shamba la mpunga na watoto watano. Ndugu yake mdogo anasema atakurithi pamoja na nyumba. Ukikataa, utoke na nguo zako. Wazee wa ukoo wanasema ndiyo desturi. Ungekubali ili watoto wasiteseke?"

Hapa hatukugawanyika sana, lakini hatukutaka kudharau mtu. Kati yetu yuko mama aliyelelewa na baba mdogo wake, aliyemchukua mjane wa kaka yake, na anasema hakuwahi kulala na njaa. Desturi hiyo ilikuwa na sababu: mjane asibaki bila mtu wa kumsaidia, watoto wasipotee kwa ukoo wao. Shemeji akiwa mwema na mjane akikubali kwa moyo wake, hatuna la kusema. Lakini katika barua hii tumesoma neno "utoke." Desturi iliyofanywa kwa ajili ya kumlinda mjane haiwezi kutumiwa kumfukuza.

Sasa sheria inasema nini? Sheria ya familia ya nchi yetu ni ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Ndoa inataka hiari ya wale wawili wenyewe, na mjane si mali ya kugawanywa. Juu ya urithi, warithi wa kwanza ni watoto wa marehemu, wavulana na wasichana sawasawa, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwakubali angali hai. Watoto wanapata sehemu tatu katika sehemu nne za mali. Sehemu ya nne ndiyo inayogawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo shemeji anaweza kuwa na kitu kidogo humo, lakini nyumba nzima, hapana. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake na kutumia vyombo vya ndani. Kwa shamba lililoungana na nyumba, ambalo marehemu alikuwa akililima mwenyewe, ana haki ya kutumia nusu.

Wasomaji wetu Waislamu, na Kasongo ni wengi tangu siku za zamani, wanajua hesabu nyingine ya urithi, ambamo mjane mwenye watoto ana sehemu moja katika nane, na eda yake ni miezi minne na siku kumi. Nao pia wafahamu hili: Korani, katika sura ya Wanawake, inakataza wazi kurithi wanawake kwa nguvu. Basi yule shemeji akishika sheria ya serikali au sheria ya dini, njia zote mbili zinamfungia mlango.

Lakini sisi sote tunajua kwamba karatasi ni kitu kimoja, na uwanja wa nyumbani ambamo ukoo umekaa ni kitu kingine. Mama atafanya nini kesho? Tunashauri hivi. Usitoke ndani ya nyumba, hata kwa siku chache "ili hasira zipungue." Ukitoka ni vigumu kurudi. Tafuta kati ya wazee wa ukoo yule mmoja mwenye haya, kwa kawaida ni shangazi wa marehemu au mjomba wake, uzungumze naye peke yake kwanza. Nenda kwa shefu wa mtaa pamoja na wamama wawili wa kikundi, usiende peke yako. Ikishindikana, iko tribinali ya amani. Na katika mazungumzo yote sema "nyumba ya watoto," usiseme "nyumba yangu." Ndiyo kweli kisheria, na ni neno ambalo ukoo hauwezi kulikataa bila kuona haya, kwa sababu watoto ni wao.

Kwa ninyi ambao mabwana zenu wako hai: je, ndoa yenu imeandikwa kwenye ofisi ya serikali, ama iliishia siku ya mahari? Je, watoto wameandikishwa? Mtoto anaandikishwa bila malipo ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, lazima kupita tribinali, na hapo ndipo gharama inaanza. Mjane asiye na karatasi hata moja anabishana kwa mdomo tu, na wenye midomo mikubwa ni wengi.

SWALI LA TATU

"Kwa mfano binti ya jirani yako ana miaka 15. Mtu mmoja mwenye kazi ya dhahabu amempa mimba. Ameleta mbuzi wawili na feza, anasema ataoa. Baba ya binti amepokea. Mama yake hataki, lakini akisema, bwana yake atafungwa na nyumba itabaki bila mtu. Jirani afanye nini?"

Barua hii ilitunyamazisha. Jirani hajui kama binti anaamka usiku na kulia, lakini barua inajua. Basi tunajibu jirani, na mama naye asikilize.

Kwanza, mtoto wa miaka 15 hawezi kuolewa. Katika nchi yetu umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18, kwa msichana kama kwa mvulana. Kukubali kwa baba hakugeuzi hesabu hiyo. Pili, kisheria mtoto wa umri huo hahesabiwi kuwa amekubali kulala na mtu mzima. Sheria za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya ubakaji zinaweka kifungo cha miaka 5 mpaka 20. Sheria hizo zinasema pia kwamba kesi ya namna hiyo haiishi kwa kulipa feza. Mbuzi wawili hawaifuti, wala mbuzi ishirini.

Tatu, ndilo jambo linalomtisha yule mama: ni kweli kwamba mzazi anayemlazimisha mtoto wake kuolewa anaweza kuadhibiwa naye. Hatutamficha. Lakini tunamwomba aone hili. Baba amepokea mbuzi, bado hajamtoa binti. Kosa kubwa la baba halijafanyika. Kuna muda wa kumrudisha nyuma, na anayeweza kumrudisha ni mtu anayemheshimu: kaka yake mkubwa, imamu, padiri, mchungaji, au mwalimu wa zamani. Mtu huyo amweleze kwa utulivu, si mbele ya watu: "Mbuzi wale ni ushuhuda wa kosa la yule mwanaume. Ukiendelea kuwafunga nyumbani kwako, wataanza kuwa ushuhuda wa kosa lako." Baba wengi tunaowajua hawakupokea kwa sababu hawapendi binti zao. Walipokea kwa sababu waliona aibu imekwisha kuingia, wakatafuta kuifunika. Ukimwonyesha baba njia nyingine ya kulinda heshima yake, mara nyingi anaishika.

Mmoja wetu alipinga. Alisema: "Mnamhurumia baba sana. Mtoto je?" Amesema vizuri. Basi tumalize na mtoto.

Binti apelekwe kituo cha afya sasa, asingoje mambo ya wakubwa yaishe. Mimba ya umri huo ina hatari yake, mwili bado unakua, na uzazi unaweza kuwa mgumu. Afuatwe tangu mwanzo, na azalie mahali penye muganga. Aulizwe, na mtu mmoja anayempenda, mambo yalikuwa namna gani, bila kumfokea. Asifukuzwe nyumbani. Jina lake lisitembee kisimani na sokoni. Jirani anayetaka kusaidia aanze na hilo: akisikia wamama wanacheka juu yake, awakatize. Na masomo, mtoto akizaliwa, yaendelee. Miaka 15 si mwisho wa masomo ya mtu.

Yule mwanaume apelekwe mbele ya sheria. Tunajua kwamba ana feza kuliko ninyi, na tunajua njia ya kufika tribinali ni ndefu. Ndiyo maana tunasema mama asiende peke yake. Wamama watano wakikaa mbele ya ofisi asubuhi, haiwi rahisi kuwaambia "rudini kesho."

Na kwa kila mama anayesoma: mtoto akitendewa kwa nguvu, hospitali ndani ya saa 72. Ndani ya muda huo iko dawa ya kuzuia ukimwi. Ukianza kwanza na mazungumzo ya mbuzi, saa hizo zinapita na hazirudi.

TUNAMALIZA

Tuliporudi kwenye ile hadithi ya mtumbwi, yule mzee wetu alicheka. Alisema katika miaka yake yote aliwasikia watu wakibishana juu ya nani aokolewe, lakini hakusikia hata mmoja akiuliza kwa nini mtu alipakia wote katika mtumbwi mmoja wakati maji yalikuwa yamejaa. Kanuni ya usiku kwa sanduku, karatasi za ndoa na za watoto, na mazungumzo na baba kabla wageni hawajaleta mbuzi: hayo yote yanafanyika ukingoni. Lakini aliyekwisha kuwa ndani ya maji hatutamwuliza kwa nini alipanda. Tutamnyoshea mkono kwanza.

Swali la kuzungumza katika vikundi vyenu wiki hii ni hili. Shule ya msingi ya serikali ni bila malipo tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, lakini sekondari bado tunalipa. Kwa mfano mavuno ya mpunga yamekuwa mabaya, na una feza ya mtoto mmoja tu. Kijana wako amebakiza mwaka mmoja afanye mtihani wa serikali. Binti yako anaanza mwaka wa kwanza wa sekondari, na ukimwacha nyumbani unaogopa hatarudi tena. Ingekuwa wewe, ungelipia nani, na yule mwingine ungemwambia nini?

Leteni majibu yenu siku ya mkutano, kwa kalamu au kwa mdomo, tutayaandika. Mama asiyejua kuandika amwambie mwenzake anayemwamini. Na wewe mama wa swali la kwanza, hata kama ni mfano tu, tunakungoja. Mlango wetu unajua kunyamaza.

Mbaki na amani.